Mlango wa Stoo

Askari watatu waliingia uani kwa Mama Pacha bila hodi, kana kwamba geti lilikuwa la mama yao. Asubuhi hiyo pacha wako shule, mwenyewe anaanika nguo, na baba yake mzazi, aliyekuja kuwatembelea, amekaa barazani anakunywa chai.

"Mwizi wa mabomba karuka ukuta huu," alisema mkubwa wao, mwenye kitambi. "Tunapekua."

"Kibali kiko wapi?" aliuliza mumewe, seremala, akitoka karakanani na randa mkononi.

"Kinakuja."

"Basi si mngekisubiri, mje nacho?"

Walipindua mapipa, wakachungulia chooni, wakafika stoo ya mbao. Seremala akawaambia wasubiri, ufunguo anao mfukoni. Kitambi akaona ufunguo unamchelewesha. Akaupiga mlango teke, bawaba zikang'oka. Moyo wa Mama Pacha ulipiga paa, wala si kwa ajili ya mlango.

Katikati ya mbao palikuwa na godoro, mto, shuka lililokunjwa vizuri na mswaki ndani ya kikombe.

"Ahaa! Nani analala hapa?"

Alikuwa analala Baba Pacha, tangu mwezi uliopita. Bwana huyu kawachongea vitanda mtaa mzima, lakini chake mwenyewe kilivunjika mguu, akakiwekea matofali, na kila akiulizwa ni kesho, kesho. Mkewe alipochoka akamwambia akalale na hizo mbao zake. Akaenda kweli, maana kwa ubishi wote wawili hawajambo. Sasa mzee naye hakuwahi kumkubali mkwe huyu. Alishaapa kwamba siku akisikia tu wametengana vyumba, atamrudisha binti yake nyumbani. Mama Pacha hakutaka kurudi popote, alitaka kitanda chenye miguu minne. Ndiyo maana alimsihi mumewe: mzee asijue, tafadhali.

"Nauliza, nani analala hapa? Unaficha mwizi, siyo?"

Seremala alimtazama mkewe, akamtazama mkwewe. Kisha akaweka randa chini, akanyoosha mikono afungwe pingu.

Mama Pacha alimwonea huruma, akamkasirikia, akampenda, vyote kwa mpigo.

"Analala yeye!" akapayuka. "Huyo huyo mume wangu! Nilimfukuza mimi, kisa mguu wa kitanda!"

Askari mdogo aligeuza uso kuficha kicheko. Kitambi akakohoa, akawaita wenzake, wakatoka kama walivyoingia, hata samahani hawakusema.

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. "Kusanya nguo zako, mwanangu. Tunaondoka."

"Nikiondoka huyu atalala wapi, baba? Stoo haina mlango."

"Si ni seremala? Autengeneze!"

Mama Pacha hakubishana naye. Aliingia stoo, akatoka na mto kwapani, akapita mbele ya baba yake mpaka chumbani kwake na mumewe.

Mzee akabaki na mkwewe uani. Bawaba mbili kwa fundi yeyote ni kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa, na hilo hata yeye alilijua.

"Haya, bwana," alisema. "Huo mlango unautengeneza lini?"

"Kesho, baba," alijibu seremala, akaingia karakanani kuchagua ubao wa kuchongea mguu wa kitanda.