Uhamisho wa Bwana Harusi

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya pomboo, yaani kuchunguza nani mtoto wa nani, na nani asimwoe nani. Katika ukoo wetu kazi hiyo hufanywa na mashangazi, bure, bila mashine, tena kwa kelele zaidi.

Mimi mwenyewe nimeolewa, ila kwa simu. Mume wangu anafundisha hisabati kaskazini, nami niko kusini. Kwa miaka saba nimeomba uhamisho mara tano ili nimfuate, na mara tano nimejibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa. Tunaonana Aprili na Desemba. Mama mkwe ameacha kuniuliza habari za mjukuu, na kunyamaza kwake kunaniuma kuliko maswali.

Sasa huko huko kaskazini, kwenye ghuba iliyo karibu na shule ya mume wangu, pomboo walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Niliposoma vipande vya ngozi zao, kila kimoja kama punje ya haragwe, nilirudia mara tatu kwa kuwa sikuamini. Wote walikuwa wajukuu wa bibi mmoja. Walikuwa wanazaana ndugu kwa ndugu, na watoto wanne wa mwisho hawakumaliza hata mwezi. Huku kwetu tulikuwa na dume mmoja mwenye afya, asiyehusiana nao hata kwa mbali. Tulimwita Bwana Harusi. Nikaandika ripoti kwamba ahamishwe haraka, la sivyo kule kutabaki maji matupu.

Afisa utumishi, mtu mpole asiyewahi kupandisha sauti, aliirudisha. Alisema serikali haimhamishi yeyote bila barua, na barua haitoki bila faili. Nikamweleza kwamba huyu ni mnyama. Akanijibu kuwa mbwa wa lango kuu ana faili, tena anadai likizo ya mwaka jana.

Basi nikamfungulia pomboo faili. Picha mbili za pasipoti zilitakiwa, masikio yote yaonekane. Nikaambatanisha maelezo kwamba masikio yapo ila hayaonekani. Mzamiaji wetu alishinda majini kutwa nzima na kidau cha wino akitafuta alama ya kidole gumba, akaambulia alama ya pezi na kofi la mkia. Penye kiwango cha elimu nikaweka mstari. Penye sababu ya kuomba uhamisho nikaandika ukweli: kumfuata mwenza. Nyuma ya yote nikabana majibu ya vinasaba.

Barua ilitoka siku ya tisa. Bwana Harusi alipewa siku saba za kujiandaa na ruhusa ya kusafiri na familia. Alibebwa kwa machela ya turubai, akimwagiwa maji njia nzima. Mimi sikupangwa kwenye safari hiyo. Niliachwa nilinde friji ya sampuli. Mkuu wa kituo cha kaskazini akaandika kwamba mtumishi ameripoti salama, na wiki ya tatu akaandika tena kwamba mtumishi ameonekana akiogelea ubavu kwa ubavu na jike. Maabara nzima ilipiga makofi. Mimi nilifurahi, kweli nilifurahi, halafu nikaenda chooni nikalia.

Kesho yake niliingia kwa afisa utumishi bila kubisha hodi. Nikamwambia kwamba nimefikia kumwonea wivu mnyama wa baharini, na kwamba sina pa kuupeleka wivu huo. Nikamuuliza vipi yeye siku tisa na mimi miaka saba, wakati sababu ni moja na meza ni hiyo hiyo. Alivuta mafaili yote mawili, akayasoma ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa ananidhihaki. Laiti angekuwa ananidhihaki.

"Dada yangu," alisema, "mwenzako ameleta uthibitisho kwamba wanakwisha. Wewe umesema tu kwamba unataka kwenda kwa mumeo."

Nilitafuta tusi nikalikosa, kwa sababu alisema kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika kwa adabu, naomba kwa heshima na taadhima, kana kwamba hakuna kinachoharibika.

Akanisogezea karatasi tupu na kalamu. Nikaketi palepale nikaandika kama ninavyoandika kazini. Waliobaki: wawili. Umri wa jike: miaka thelathini na tisa. Waliozaliwa katika miaka saba: hakuna. Hilo la mwisho lilinichukua muda, naye alingoja. Kisha akaisoma karatasi, akaigongea muhuri, akaniuliza kama nitaweza kusafiri Jumatatu.