Kifungo cha Ishirini na Nne

Kila anayekalia kochi hili husema ni laini, kisha huuliza mbona nyuma hapo kifungo kimoja hakipo. Nimechoka kueleza. Lakini mke wangu Siwema naye amechoka kunisikia nikisema nimechoka, kwa hiyo nitaeleza mara hii moja, na baada ya hapo anayetaka kukaa akae na asiulize.

Mimi ni Athumani, fundi wa matandiko. Nilizaliwa Pangani, nikapanda huku Arusha na msafara wa serikali wakati Wadachi wanajenga boma lao, na kazi yangu ilikuwa kushona matandiko ya nyumbu zao. Miaka kumi na mitano nilishona vitu vya kukaliwa na watu wengine. Mgongo umepinda, macho yana ukungu, na vidole vya mkono wa kulia havifungi ngumi tena. Sijapata kupanda nyumbu hata siku moja.

Vita vilipoingia mwaka wa pili, mwanaume hakuwa tena mtu, alikuwa bega. Askari walipita Moshono, walipita mpaka kwa Wameru huko Tengeru, wakishika watu wa kubeba mizigo ya kwenda Taveta. Wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi wanakohoa damu. Ungeweza kukimbilia msituni mlimani, lakini wangemshika mkeo mpaka ushuke. Siwema ana mguu uliovimba, hawezi kutembea hata kufika kisimani bila kupumzika mara mbili. Nikichukuliwa mimi, nani atamtekea maji? Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo.

Ndipo Bwana Miwani aliponiita. Alikuwa Mdachi wa ghala pale bomani, na jina tulimpa sisi, maana alikuwa akifuta miwani yake hata isipokuwa na vumbi. Ndani ya nyumba yake palikuwa na kochi la marehemu mama yake, lililoletwa kwa meli mpaka Tanga, na sehemu ya mwisho ya safari likabebwa mabegani mwa watu. Lilikuwa limekwisha kazi. Springi mbili zilikuwa zimetoboa nguo, na panya walizalia humo.

"Funika tu, fundi," aliniambia. "Chukua pazia hili la kijani, shonea juu yake."

Mtu mwenye akili angesema ndiyo, bwana. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Lakini ufundi una kiburi chake, na kiburi changu kiliamka kabla yangu.

"Bwana, kufunika si kutengeneza," nikamwambia. "Nikiweka pazia zuri juu ya uozo, mwakani utakalia msumari. Mbao za kochi hili ni nzima, zitaishi kuliko mimi na wewe. Niache nilifumue mpaka mifupa. Nifunge mikanda mipya chini, nisimamishe springi, nijaze singa za mikia ya ng'ombe, ndipo tuzungumze habari ya nguo."

"Siku ngapi?"

"Miezi, bwana. Singa peke yake zinatakiwa uzito wa frasila nzima. Na mimi kesho naweza kushikwa kwa mizigo."

Wallahi, neno hilo la mwisho nililisema bila hila. Nilikuwa nalalamika tu, kama kawaida yangu. Lakini alifuta miwani, akachukua karatasi, akaandika kwa Kiswahili chao cha bomani, akanisomea: "Fundi Athumani na mtu wake mmoja wasishikwe kwa mizigo mpaka kochi limekwisha." Akagonga mhuri wa tai.

Nilimpelekea Siwema cheti kile nyumbani nacho kimeloa jasho la mkono wangu. Akaniuliza, "Huyo mtu wako mmoja ni nani?"

"Sina mtu."

"Basi sema polepole. Mji mzima utajileta hapa."

Asubuhi yake Lemburis alikuwa mlangoni. Huyu ni Mwarusha wa Moshono, kijana aliyezoea kuniuzia ngozi. Ndugu yake Saruni alichukuliwa kwenda Taveta na hakurudi, na mke wake Simaloi alikuwa na mtoto wa kike aliyezaliwa masika yale.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nimesikia una nafasi ya mtu mmoja."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu." Akatua gunia sakafuni, akalifungua. Ilikuwa mikia ya ng'ombe, kumi na mmoja. "Nimesikia pia unataka mikia."

Nikamwambia aingie.

Nililianza kochi lile baada ya Idi. Singa ni kazi ya kuudhi. Unaziosha, unazisokota kamba ngumu, unazichemsha, unazikausha, kisha unazifumua ili zibaki zimejikunja, maana singa iliyojikunja ndiyo inayomrudisha mtu juu anapokaa. Nyumba ilinuka zizi. Siwema alisokota huku akitusema, mimi na Wadachi na ng'ombe wenyewe. Lemburis alizunguka kila palipochinjwa, na wenzake wa rika lake wakamcheka kwamba wengine wanaomba nyama, yeye anaomba mikia. Alisema kuchekwa hakuvunji bega.

Mwanzo nilichelewa kwa sababu kazi ni ya kuchelewa. Baadaye nilijifunza kuchelewa. Kila Jumamosi Bwana Miwani alikuja kuuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado, bwana." Nilishona mkono wa kushoto wa kochi, nikaufumua nikisema umekaa upande. Haukuwa umekaa upande. Hiyo ilinichosha kuliko kazi yote ya maisha yangu, maana mkono wa fundi hautaki kuharibu, na kila nilipokata uzi mzuri niliona aibu mbele ya mke wangu. Lakini jioni Lemburis alikwenda kwa Simaloi, nami nilimtekea Siwema maji, na siku ikahesabiwa.

Huwezi kuchelewa milele. Mvua za vuli zilipita, jua likawaka, na mwishowe palibaki vifungo vya nyuma tu, ishirini na vinne, vya kuvuta nguo iingie ndani. Nilishona ishirini na vitatu. Cha mwisho nilikifunika kwa kitambaa chake cha kijani, nikakitia mfukoni. Pale mahali pake pakabaki kitundu.

Siwema akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. "Wenzako kifungo kinawafunga," alisema. "Wewe cha kwako kinakufungua."

Katika mwezi wa Machi Makaburu wanaowapigania Waingereza walishuka kutoka Longido, na mizinga ikasikika. Bwana Miwani aliingia kwangu bila hodi.

"Limekwisha?"

"Kimebaki kifungo kimoja, bwana."

"Utakishona njiani. Tunaondoka. Wewe na mtu wako mtalibeba, nitawapa Wanyamwezi wawili."

Nilimtazama Lemburis, naye akatazama chini. Miezi saba tumeikwepa mizigo nyuma ya kochi, na sasa kochi ndilo mzigo. Na ubaya zaidi, uzito ule niliutia mwenyewe. Ningekubali kufunika tu, lingekuwa jepesi. Frasila ile ya singa, mikanda ile ya ngozi ya nyati, yote ilikuwa uaminifu wangu, nami niliitwa kuubeba.

Siwema hakulia. Alichukua shazia, ile sindano yangu ndefu ya magunia, akaitia uzi wa kitani, akaichomeka kifuani pa kanzu yangu.

"Usiipoteze," aliniambia. "Na usiitumie."

Tulilifunika kochi kwa turubai, tukalibeba watu wanne njia ya Kisongo, mvua inanyesha na udongo unashika miguu. Bega langu lilichubuka kabla ya adhuhuri. Asubuhi ya pili wale Wanyamwezi hawakuwepo, na sikuwalaumu. Bwana Miwani, juu ya nyumbu wake, akalitazama kochi, akatazama njia iliyojaa jeshi linalokimbia, akafuta miwani ambayo mvua iliilowesha tena papo hapo.

"Lilindeni hapa," akasema. "Nitaleta watu."

Akaenda upande wa Lolkisale. Hatukumwona tena.

"Fundi, tukimbie," Lemburis akaniambia.

"Ukimbilie wapi? Njia nzima ni askari. Ukitembea mikono mitupu, wewe ni mpagazi mtoro. Ukikaa hapa, wewe ni mtu wa kochi."

Basi tukakaa, kando ya njia, chini ya mgunga mmoja usio na kivuli cha maana. Tulikaa juu ya kochi lenyewe. Miezi saba nalitengeneza, sikuwa nimelikalia. Nilipojishusha likanipokea, likanirudisha juu kidogo, na mgongo wangu ukanyooka. Nikaona hasira. Kumbe ndicho nilichokuwa nikiwashonea watu miaka yote hii.

Kila kikosi kilipita na kuuliza. Nilitoa cheti, wakaona tai, wakapita. Siku ya pili alikuja ombasha mmoja mwenye mvi, askari wa cheo kidogo, na nyuma yake watu kama ishirini waliofungwa kamba. Wawili walikuwa wameanguka njiani, alitaka wa kujaza. Huyu alijua kusoma. Alipitisha kidole chini ya maneno, kisha akafunua turubai.

"Mpaka kochi limekwisha," akasema. "Mbona naona limekwisha?"

Nikamwonyesha kitundu. Nikatoa kifungo mfukoni, nikamwonyesha shazia kifuani na uzi wake. Akavihesabu vifungo kimoja kimoja mpaka ishirini na vitatu. Lemburis alisimama kama aliyekwisha kufungwa.

"Kushona hicho kimoja ni kazi ya muda gani?"

"Ya fundi aliyechoka, afande, ni siku nyingi."

Aligeuka, akakaa kwenye kochi, bunduki mapajani, viatu vimekwisha soli. Akafumba macho. Wale wa kamba walichuchumaa kwenye tope. Alipumua kwa nguvu mara mbili tatu, nikajua amelala. Sijui ilikuwa muda gani. Alipoamka aliikandamiza singa kwa kiganja, akaiachia irudi juu.

"Kweli," alisema. "Halijakwisha."

Akasimama, akavuta kamba yake, wakaenda. Wale watu walitutazama walipopita. Mmoja alikuwa na umri wangu. Naona uso wake mpaka leo.

Siku ya tatu njia ilikuwa tupu. Lemburis alitaka tuliache kochi liwe la fisi. Nikamwambia tukirudi bila kochi, cheti ni karatasi tu, na nani ajuaye Wadachi watarudi lini. Basi tukalibeba wawili, hatua hamsini tunalitua, tunalikalia, tunalinyanyua tena. Siku nne. Kwa jinsi lilivyonyeshewa na kubamizwa, kochi la kufunikwa lingeachana vipande. Hili halikulia hata springi.

Siwema alitupokea mlangoni, akaitazama kanzu yangu kifuani, akaiona shazia, akaingia ndani kupika.

Na Waingereza walioshika boma nao walitaka mabega. Sijui kwa nini hatukulifikiri hilo. Walikuwa na vita vyao vya kupeleka Kondoa, na haikupita miezi miwili wakaja nyumba kwa nyumba. Nilitoa cheti. Karani wao, mgeni kutoka pwani, alikisoma, akanirudishia kwa adabu.

"Mzee, tai huyu hana mabawa tena."

Alinitazama mgongo, akatazama vidole vyangu, akaniacha. Akamwandika Lemburis.

Lemburis hakubishana. Alijifunga shuka, akasimama pale mlangoni alipoleta mikia kumi na mmoja, akanyoosha kidole kwenye kile kitundu.

"Fundi, kochi limekwisha?"

"Halijakwisha."

"Basi usilimalize peke yako. Mimi ni mtu wake."

Huu ni mwaka wa pili tangu achukuliwe. Simaloi huja kila siku ya soko, anatua maziwa, anakaa upande ule wa kitundu, na binti yake amejua kukitia kidole. Hajapata kuniuliza lolote. Siwema humpa chai, wanazungumza habari za mahindi. Wapo waliorudi kutoka Kondoa bila Lemburis, na wamesema waliyoyaona. Simaloi ameyasikia kama sisi tulivyoyasikia.

Juma lililopita alikaa muda mrefu bila kugusa chai. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Baba, kishone tu sasa."

Siwema akainamisha kichwa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakishika kile kifungo, nikamwambia Simaloi kwamba uzi umekwisha.

Uzi ninao. Uko kwenye tundu la shazia, alipoutia Siwema.