Godoro Lisilofumuliwa

Pale gatini walimwita Mama Kung'uta, na jina hilo halikumwonea. Kazi yake ilikuwa kukagua kila kitu kinachopanda boti kwenda kisiwani, na alikung'uta magunia, viatu, mabegi, hata vifuko vya miwani. Chumba chake hakikuwa na dirisha, mlango ulikuwa na mpira chini usiopitisha hata mende, na katikati palikuwa na meza ndefu ya bati. Kilichofungwa kilifunguliwa. Kilichoshonwa kilifumuliwa, kikapekuliwa, kisha yeye mwenyewe akakishona tena kwa sindano ya magunia. Profesa mmoja aliyekuja kuhesabu ndege alifumuliwa mto wake wa kulalia mbele ya wanafunzi wake, manyoya yakamfuata mpaka ndani ya boti.

"Sheria ni msumeno, profesa," Mama Kung'uta alimwambia. "Unakata mbele na nyuma."

Ukali huo ulikuwa na sababu. Kisiwani hakukuwa na panya. Zamani walikuwepo, walishuka na meli, na ilichukua miaka sita ya mitego na sumu kuwamaliza, ili aokolewe ndege mmoja mdogo wa kijivu, asiye hata na urembo wa kuringia. Ndege huyo hazai kwingine kokote. Hutaga yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo ardhini, na ukoo wake haukuwahi kufundishwa kuogopa kitu chenye meno. Panya akiingia shimoni, yeye hubaki amelalia yai lake mpaka aliwe.

Mlinzi wa kisiwa alikuwa kaka yake Mama Kung'uta, tumbo moja. Alikaa kule peke yake kwenye nyumba ya mbao ya chumba kimoja, akiwajua ndege wale shimo kwa shimo. Kila shimo lilikuwa na kigingi chenye namba, vigingi mia tatu na kumi na viwili, na kuviinamia miaka yote hiyo kulimwachia mgongo mbovu.

Mama yao aliujua mgongo huo. Miezi yake ya mwisho, macho yamefifia na vidole vinatetemeka, alimshonea mwanawe godoro la pamba kwa mkono. Alimaliza ukingo wa mwisho Jumanne. Ijumaa wakamzika. Godoro likakaa stoo wiki tano, likiwa limekunjwa na kufungwa kamba, mpaka likizo ya msiba ya kaka ilipokwisha, ndipo likafika juu ya meza ya bati.

Kaka alikuwa nje akipakia madumu ya maji. Mama Kung'uta alitoa wembe, akauweka kwenye mshono. Hapo ndipo alipoiona mishono yenyewe. Ilikwenda upogo, mingine imepandana, mahali ambapo mama hakuona aliposhona akashona tena juu yake. Mshono wa gunia unaurudisha. Huu nani angeurudisha?

Aliurudisha wembe kwenye kopo. Akalikandamiza godoro kwa ngumi juu na chini, mara mbili, hakikucheza kitu ndani. Akaandika daftarini: "Godoro moja. Limekaguliwa."

Jioni ile kaka aliita kwa redio. "Mishono ya mama yote ipo," alisema. "Asante, mdogo wangu." Mama Kung'uta alikwenda nyumbani na furaha aliyokuwa hajaionja tangu mazishi.

Mwezi wa nne tangu siku ile redio ilileta habari nyingine: maganda ya mayai yenye alama za meno. Watu husema majuto ni mjukuu. Haya yalikuja na wajukuu wa kweli, wenye mikia. Wataalamu walivuka na mitego boti nzima, lakini msimu ulipokwisha, katika yale mashimo mia tatu na kumi na mawili, ni kumi na tisa tu yaliyokuwa na kinda.

Ikaundwa kamati ya kuuliza panya aliingiaje. Kabla hawajalifungua daftari la ukaguzi, kaka alisimama akasema kosa ni lake. Alipokea gunia la viazi kutoka kwenye boti iliyokuwa ikipita, akalipeleka jikoni bila kulikung'uta. Wakamfukuza kazi siku hiyohiyo.

Je, Mama Kung'uta hakulikumbuka godoro? Alilikumbuka, sana tu. Lakini habari ya viazi aliipokea kama mtu aliyesimama kutwa nzima anavyopokea kiti, hakutaka kuuliza kiti ni cha nani. Akamfuata kaka yake nje ya ukumbi, watu wakisikia.

"Viazi, kaka? Ndege wote wale, kwa viazi?"

"Tumbo, mdogo wangu," kaka alijibu, akiangalia chini.

Mama Kung'uta alimnunia miezi miwili. Alipokwenda hatimaye kwenye nyumba ya mama, ambako kaka alikuwa amerudi kuishi, alimkuta amelala sakafuni kwenye mkeka. Godoro lilikuwa juu ya kabati.

"Na mgongo huo! Mbona hulilalii?"

"Joto."

"Joto gani, na mvua hii?"

Akalivuta. Kaka akasema, "Liache, dada," lakini lilikuwa limeshashuka. Pembeni, chini ya ukingo, palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa nailoni, mishono mikubwa ya mwanamume, yenye mafundo. Mama Kung'uta alikifumua kwa meno. Ndani pamba ilikuwa imetafunwa mpaka ikawa laini kama unga, imezungushwa kitanda kidogo, na pembeni yake vinyesi vikavu.

Alikaa chini. "Ulijua lini?"

"Wiki ya pili."

"Na viazi?"

"Hakukuwa na viazi."

"Wiki ya pili, kaka! Panya alikuwa mmoja na watoto wake. Ungeita tu."

"Ningeita, wangekuuliza wewe." Alikuwa akilia bila kujificha. "Nilitega peke yangu. Niliwanasa kumi na mmoja. Nikasema kesho nitawamaliza, hakuna atakayejua. Kesho yake nasema hivyohivyo."

Mama Kung'uta alimhurumia marehemu, kaka akamhurumia yeye, na ndege, ambao hawakuwa na ndugu yeyote kwenye kamati, ndio waliolipa. Tena dada ndiye aliyemtukana kaka huyu hadharani.

Asubuhi walilibeba godoro mpaka gatini, yeye upande mmoja, kaka upande wa pili. Mama Kung'uta alimwita mkuu wa hifadhi, akafunga mlango wenye mpira, akalilaza godoro juu ya meza ya bati. Kisha akatoa wembe, akamweleza yote, la kwake na la kaka yake, huku akifumua. Alikwenda polepole, mshono kwa mshono, pande zote nne, kama alivyotakiwa kufanya siku ile. Pamba ilipokuwa imetapakaa meza nzima, alifungua daftari, akaitafuta ile tarehe, akakata neno moja na kuandika juu yake: "Halikufumuliwa."

Kwa mazoea akashika sindano ya magunia. Akaiangalia pamba, akamwangalia kaka yake, akairudisha sindano kwenye kopo.

"Yamebaki mashimo kumi na tisa yenye kinda," kaka alimwambia mkuu. "Namba zake ninazo kichwani. Andika."