Siku za Mwezi Mkubwa

Tulipovuka ziwa kutoka mji wa Baraka, ng'ambo, nilikuwa darasa la tatu, na sikurudi tena shuleni. Kazi yangu ni kuanika dagaa mwaloni Katonga, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Ndiyo maana dada Winfrida, mteja wangu wa dagaa, aliponiingiza kwenye kundi la watu wanaotengeneza programu ya simu, nilidhani amekosea namba.

Programu hiyo huwaambia waanikaji mitumbwi itaingia ziwani siku zipi na itapumzika zipi. Ni ya bure, tena ni ya wazi: yeyote anaweza kuona ilivyoandikwa ndani, akairekebisha na kuirudisha kwa wenzake. Dada Winfrida aliianzisha chumbani kwake Buzebazeba. Sehemu kubwa iliandikwa na kaka Adolf.

Wiki tatu nilisoma tu, sikuandika neno. Halafu nikaona kosa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hupandishwa mchangani, nasi wanawake huenda kulima Simbo. Programu iliweka mapumziko hayo tarehe moja hadi kumi, kila mwezi, kwa sababu mwezi ule ilipoandikwa ndivyo ilivyotokea. Jirani yangu, mama Mwamvua, alikuwa amepoteza siku tatu za palizi akisubiri mwaloni.

"Naifuta," aliniambia. "Simu yangu haina nafasi ya mwongo."

Nikaandika kosa lile kwenye kundi. Ilinichukua asubuhi nzima, naandika, nafuta.

Adolf akajibu mara moja: "Wewe umesomea wapi programu? Soma kwanza maelekezo."

Watu wakacheka. Wageni wawili, walioingia siku moja na mimi, wakatoka bila kuaga. Nami nilikuwa nataka kutoka, simu ikaita. Alikuwa dada Winfrida.

"Usitoke, mdogo wangu. Mwaka huu wameondoka kumi na mmoja, na kila mmoja alikuja na kitu tusichokijua. Wageni wakiisha, tutabaki mimi na Adolf tukisifiana. Programu inasema kesho kuna dagaa?"

"Inasema wapo."

"Basi kesho namleta Adolf mwaloni."

Walifika asubuhi. Mitumbwi yote ilikuwa juu ya mchanga, nyavu zimetandazwa, wavuvi wanashona.

"Kaka, umefuata dagaa?" mama Mwamvua akamuuliza.

"Simu inasema wameingia."

"Heee! Jana usiku mwezi hukuuona? Au ulikuwa umejifunika shuka na simu yako?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Adolf hakucheka. Alizunguka mitumbwi, akagusa mbao zilizokauka, kisha akanijia.

"Elida, mwezi ujao wanapumzika lini?"

"Sijui vizuri. Mama Mwamvua ndiye anayejua, na wavuvi."

"Basi mwingize kwenye kundi."

Nilitazama mchanga, lakini nikasema.

"Nitamwingiza ukiahidi hutamjibu kama ulivyonijibu mimi."

Adolf alimtazama dada Winfrida. Dada hakumsaidia.

"Naahidi," akasema kwa sauti ndogo.

"Usituahidi sisi tuliopo hapa tu," dada Winfrida akasema. "Iandike kwenye maelekezo, pale mgeni anapoanzia kusoma."

Adolf akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akanipa nisome kabla hajaituma.