Mzunguko Mmoja na Nusu

Kwa miaka saba hakuna lori la Kondo lililopita Mikumi bila kupiga honi mbele ya gereji ya Beda. Kondo alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, akivichukua Malolo na kuvipeleka Dar es Salaam. Alikuwa na malori manne, na pampu za dizeli za yote manne ziliguswa na mkono mmoja tu. Beda hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na bisibisi na masikio yake. Aliinama juu ya injini, akafumba macho, akakaza au kulegeza skrubu mpaka ngurumo ikae anavyotaka, kisha akamwambia dereva, "Nenda. Mlima wa Iyovi utaupanda unaimba." Lori likaondoka likitoa moshi mweusi mzito, na madereva waliuona moshi ule wakasema hiyo sasa ndiyo nguvu.

Basi Jumanne moja, mwaka 1998, lori la Samsoni, dereva wa siku nyingi wa Kondo, likapita bila honi. Likaenda mbele kidogo, likakata kulia na kuingia kwenye uzio mpya wa mabati. Beda akabaki amesimama na kitambaa chenye grisi mkononi.

"Hujasikia?" mkewe Costancia akamwambia mchana walipokuwa wanakula. "Kuna mwanamke amefungua gereji. Generoza, binti wa yule mzee wa reli wa Kilosa. Alisomea ufundi Morogoro, akafanya kazi Dar. Wanasema ni pampu tu, hagusi kitu kingine."

"Mwanamke wa pampu," Beda akasema, akasukuma sahani.

Alijizuia siku tatu. Siku ya nne akaenda.

Generoza alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, amevaa ovaroli iliyofuliwa ikafulika. Akafuta mikono haraka. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," Beda akajibu, lakini macho yake hayakuwa kwake. Yalikuwa yameganda nyuma yake, kwenye mashine ya chuma yenye rangi ya kijani, na safu ya mirija ya kioo juu yake.

Mashine ile aliijua kuliko alivyoujua mwili wake. Aliiendesha miaka kumi na miwili katika karakana ya shirika moja la mkonge pale Kilosa. Unafunga pampu juu yake, unaizungusha, na kila mrija unakuonyesha silinda moja inapewa dizeli kiasi gani. Shirika lilipouzwa kwa watu binafsi, mafundi wakapunguzwa, mashine ikafunikwa turubai. Beda aliandika barua mbili kuomba auziwe. Hakujibiwa. Ndipo akaja Mikumi kuanza maisha kwa masikio. Sasa akasogea, akapitisha kidole ubavuni, chini ya mrija wa tatu, mahali alipoiangushia spana mwaka wa kwanza wa kazi. Kibonyeo kilikuwapo.

"Umeipata wapi?"

"Kilosa. Nilisikia inauzwa kama chuma chakavu, nikawahi. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaiendesha? Wengi wamenitajia jina lako."

Beda akakaza kidole juu ya kibonyeo. Kama angemjibu, angepiga kelele.

Generoza hakuona. Alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. Akamwonyesha nozeli za malori ya aina mpya yaliyokuwa yakiingia kutoka Japani, yametumika lakini yana mambo mageni: matundu membamba kuliko unywele, msukumo mkubwa, dizeli inatoka kama ukungu wa milima ya Mamboya asubuhi badala ya kutoka kama mkojo wa ng'ombe. Akamwonyesha bomba linalorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini.

"Injini ile moshi wake wenyewe?" Beda akacheka kwa dharau. "Si wataiua?"

"Unapunguza joto ndani ya silinda, fundi. Hewa yenye sumu inatoka kidogo. Huko kwao siku hizi gari linapimwa moshi kabla ya kupewa ruhusa."

Wakati huo Kondo mwenyewe akaingia, tumbo mbele, funguo zikilia kiunoni. "Ah, Beda! Vizuri umekuja. Mama, hebu mwonyeshe ile ya jana."

Generoza akasita. "Tutamwonyesha siku nyingine."

"Mwonyeshe tu, ni mtu mzima."

Ilikuwa pampu ya lori la Samsoni, iliyofungwa na Beda mwezi uliopita. Generoza akaizungusha juu ya mashine. Mirija sita ikajaa mbele ya macho yao, na hakuna miwili iliyolingana. Wa pili ulikuwa unafurika, wa tano haujafika nusu.

"Umeona?" Kondo akasema, bila ubaya wowote. "Ndiyo maana nilikuwa nachoma mafuta kama nayamwaga barabarani."

Beda alijua kusoma mirija. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti angekuwa na mashine ile, mirija ingelingana kama meno ya chanuo. Aliyekuwa nayo ni huyu, naye alimtazama kwa huruma.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu nani anaingia kwenye uzio wa mabati. Aliamka na jina la Generoza, akala nalo. Basi likipita bila moshi, alijua limetoka kwake, akatema mate. Costancia akamwambia, "Kama ungekuwa unampenda nisingeona tofauti." Beda akamkaripia, lakini maneno yale yalimkaa.

Wiki ya tano, Samsoni akapata pancha karibu na gereji ya Beda. Lori lilikuwa tupu, linakwenda Malolo kupakia. Walipomaliza kuziba, Samsoni akavuka barabara kwenda kula. Beda akafungua boneti, hivi hivi, atazame tu. Skrubu ya kupunguza na kuongeza dizeli ilikuwa imefungwa waya mwembamba wenye kidonge cha risasi, alama ya Generoza kwamba asiguse mtu.

Akaukata waya kwa koleo. Akazungusha skrubu mzunguko mmoja na nusu, kuongeza dizeli. Hakutaka zaidi ya moshi: lori litoke Malolo likifuka kama tanuri, Kondo aone kazi ya fundi wake wa mirija. Akafunga boneti. Samsoni akarudi anachokonoa meno, akashukuru, akaondoka.

Jioni ya siku iliyofuata habari ikafika. Katikati ya Iyovi, lori likiwa limejaa vitunguu, moto wa dizeli iliyozidi ukayeyusha pistoni. Injini ikazima. Breki hazikushika vizuri, lori likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni na kulala ubavu. Samsoni alivunjika mguu mara mbili. Vitunguu vya nusu ya kijiji vikamwagika bondeni.

Kondo alivuta lori mpaka Mikumi, akawaita mafundi wote wawili. Injini ikafunguliwa. Pistoni ya pili ilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole gumba.

"Waya wa risasi uko wapi?" Kondo akamuuliza Generoza.

"Niliufunga."

"Mimi siuoni. Beda, wewe unasemaje?"

Maneno aliyoyasubiri wiki tano yalikuwa mdomoni. "Dizeli ilikuwa nyingi," akasema. "Huenda mtu alisahau kufunga." Wala hakuwa amesema uongo wote, akajifariji.

Malori ya Kondo yakarudi kwake. Honi zikalia tena. Siku mbili Beda alitembea kama mwenye mji. Siku ya tatu Generoza akaja gerejini kwake, hakuvaa ovaroli, macho yamevimba.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kukwambia nauza ile mashine. Nimeona nianze na wewe, wewe unaijua."

Beda akakaa kwenye tairi.

"Narudi Kilosa kushona nguo na dada yangu," akaendelea. "Nimetoka kumwona Samsoni hospitalini. Kila nikifumba macho naisoma tena ile mirija. Labda niliisoma vibaya. Labda sikufunga waya. Sijiamini tena."

Hicho ndicho alichokitaka maisha yake yote, kimeletwa mlangoni. Alijaribu kufurahi. Alijiona ameketi mbele ya mirija ile, na kila mrija ukimwonyesha mguu wa Samsoni.

"Hukusoma vibaya," akasema. "Waya niliukata mimi."

Generoza hakulia wala hakutukana. Alilifuata kwa macho basi la Iringa mpaka likapita. Kisha akauliza, "Mizunguko mingapi?"

"Mmoja na nusu."

Beda akauona uso wake ukipiga hesabu, kisha Generoza akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Basi nilisoma sawa," akasema taratibu. Ndipo sauti yake ikabadilika. "Simama. Twende ukamwambie Kondo. Halafu ukamwambie Samsoni."

Kwa Kondo alipigwa kofi, akalipokea. Samsoni ndiye aliyemshinda. Alikuwa amelala mguu umening'inizwa kwa kamba, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nakula ng'ambo pale," akasema. "Nikakupungia mkono. Na wewe ukanipungia."

"Ndiyo."

"Toka, Beda."

Akatoka. Generoza alikuwa uani mwa hospitali na Kondo, wanapanga jinsi ya kukaza pampu za malori matatu yaliyobaki. Mashine haikuuzwa tena. Beda akawapita, hakuna aliyegeuka. Mwezi huo huo aliuza vifaa vyake kwa kila aliyekubali kununua kwake, injini yake ya akiba akampa mke wa Samsoni, akarudi Kilosa na Costancia kutengeneza injini za mashine za kusaga. Ni injini za silinda moja, hazihitaji mirija.

Mwaka uliofuata Costancia alirudi kutoka Mikumi na habari kwamba Generoza amepata mashine ya pili, mpya, na mafundi wanatoka Iringa kuja kujifunza kwake. Beda akauliza ina mirija mingapi. Mkewe hakujua. Usiku huo hakula, akasema tumbo linamsumbua.