Karani Hasimami

...na tazama, amesimama tena, mara ya tatu tangu kengele ya saa mbili, Médard huyu, kijana wa Kasai mwenye miguu kama ngazi, amesukuma kiti nyuma kikalia kwii juu ya saruji, ameshika kiuno kwa mikono miwili, amejinyoosha mpaka mifupa ikalia biro nzima, ofisi yote, ikasikia, na sasa anatembea, ndiyo, anatembea, kutoka mezani mpaka dirishani na kutoka dirishani mpaka mezani kama bwana arusi anayecheleweshewa bibi, na Jéthro anauma meno mbele ya mashini yake ya kuandika, anatamani kumrushia kidau cha wino, Mungu amsamehe, kidau kizima na wino wake, kwa sababu yeye hajasimama tangu asubuhi, miaka tisa hajasimama, karani wa kwanza wa stesheni ya Kamina hasimamisimami kama mpishi, anakaa, na hapo chini ya mgongo, upande wa kushoto, kuna kitu kama msumari wa reli kinachoma mpaka pajani, kinachoma hata akipumua, na kwenye mashini kuna ile karatasi, maneno ambayo Bwana Shefu, mzungu wa stesheni, alimwambia asubuhi neno kwa neno kwa Kifaransa, kwamba Nkashama Médard, karani wa barua za mizigo, anaacha meza yake bila ruhusa, anapoteza saa za kazi, kuanzia Jumatatu aondolewe biro apelekwe Luena kupakia makaa ya mawe, na Jéthro ameyapiga yote bila kosa hata moja, imebaki tarehe tu, tarehe na mahali pa Bwana kutia sahihi, halafu basi, kimya, hakuna tena kwii, hakuna tena mifupa ya mtu...

"Papa Jéthro," Médard anasema kutoka dirishani, hajui kitu, anatabasamu, "simama kidogo hata weye. Munganga Marc alisema kila saa muntu asimame, atembee. Mugongo haiko kintu ya kukaa siku muzima."

"Fanya kazi yako."

"Lakini hii njo kazi, Papa. Mugongo njo inaandika, mikono inafwata tu."

Na Umba, pale kwenye mihuri, anacheka mpaka muhuri unaanguka, "Acha Papa Jéthro! Yeye alizaliwa na kiti yake, mama yake aliona bibaya siku ile!", na wote wawili wanacheka, na Jéthro anapiga herufi moja kwa nguvu, siyo herufi ya lazima, anairudisha nyuma na kuifuta, na hasira inampanda shingoni, Marc, Marc, kila siku Marc, mganga wa dispensari aliyekuja hapa na koti lake jeupe kuwafundisha watu wazima namna ya kukaa, ati miguu yote miwili ilale chini, ati kiti kisogee karibu na meza, ati karatasi unayonakili iinuliwe juu ya kitabu ili shingo isining'inie kama ya kuku, ati mgongo ulionyooka siyo mgongo uliokazwa, na Jéthro alikaa pale nyuma akikunja uso, nani atamfundisha yeye kukaa, yeye ambaye kwao Mulongo kiti kilikuwa kimoja kijiji kizima, kiti cha mfumu, mkubwa wa kijiji, wengine mkeka na mavumbi, na baba yake alipanda mtumbwi, kisha lori, kisha gari la moshi, akaja kusimama nje ya dirisha lile lile anaposimama Médard sasa, akamtazama mwanawe juu ya kiti, akafunika mdomo kwa mkono, akarudi nyumbani kuwaambia watu, nimeona, anakaa, wengine wanasimama yeye anakaa... basi angesimamaje, angesimamaje baada ya hapo, hata jembe alilitupa, mwaka ule wa kwanza alipokwenda kulima mihogo na Kabedi mke wake nyuma ya kambi na wanawake wakapita wakisema karani gani huyu mwenye udongo magotini, akalitupa palepale katikati ya mstari, Kabedi akamaliza peke yake, na anamaliza peke yake mpaka leo, na yeye hata kanisani, hatua mia mbili, anakwenda kwa baiskeli, na juzi Kabedi amemtazama akivaa viatu kwa shida, akasema, "Jéthro, njoo tulime pamoja hata mistari miwili, unaanza kupinda kama ndizi," na alimfokea, alimfokea mama wa watoto wake kwa sababu ya ndizi...

na Bwana Shefu huko ndani anakohoa, sasa anasimama, huyo, anatoka barazani na kiko chake, anatembea huku na huku, ananyoosha mabega, Jumamosi anakimbiza kampira kake katika uwanja wao akivaa kaputula, na nani anamwandikia karatasi yeye, nani anampeleka Luena, huyu huyu anayepita nyuma yao na rula yake ya mbao, anaipandisha kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima mwenye watoto sita, "Droit, Jéthro, droit!", nyooka, na Jéthro anakazana kama mti wa simu, anakazana hata rula ikishaondoka, miaka tisa anakazana, na alikuwa anajivuna kwa hilo, alifikiri njo heshima, alifikiri wengine wanaona mfalme, kumbe wanaona mtu aliyefungwa kwa kamba asiyoiona... na Jumapili, hapana, asifikiri Jumapili, lakini Jumapili inakuja yenyewe, alivyopiga magoti wakati wa maombi na maombi yakaisha na wote wakainuka, yeye akabaki chini, si kwa kutaka, mgongo ulikataa, ulikufa kabisa, na mama Phébé, mjane wa mchungaji, akaona machozi yake akalia, "Roho amemugusa Papa Jéthro! Roho iko kazini!", na kanisa zima likaitika amina, wakaimba juu ya kichwa chake, na yeye, ee Bwana, aliinama zaidi, aliwaachia waamini, akala sifa ya Roho Mtakatifu kwa maumivu ya kiti, mpaka Kabedi alipomtia mkono kwapani akamnyanyua, Kabedi alijua, na njiani kila mtu akampa mkono... na kesho yake Jumatatu Médard alisimama mezani, akajinyoosha vizuri kabisa, mwepesi, kama ni kitu rahisi, na Jéthro alimwangalia mpaka alipokaa tena, na Jumanne, hakuna aliyemuuliza, hakuna, ajaribu kusema kwamba Bwana alimuuliza, hawezi, alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni akavua kofia akasema, "Bwana, ule mutu wa Kasai anatembea sana," maneno saba tu, kila moja alilitaka, na alitaka hata lile la Kasai, alijua litasaidia, na Bwana akainua macho akasema asante Jéthro, na moyo ukafurahi, ulifurahi kweli, mpaka alipofika mezani na kukaa na msumari ukachoma palepale pa zamani, haukusogea hata kidogo... anamkasirikia nani basi, mwenye mifupa inayolia au mwenye rula, wote, ndiyo, mwenye rula ataulizwa siku yake, lakini ulimi uliosema ni huu hapa kinywani, wake mwenyewe, na Médard ana mke mwenye mimba hapo kambini, Mwadi, alimpa Kabedi mboga wiki hii...

"Jéthro!" kutoka barazani. "C'est fini?"

"Bado, Bwana."

Bado, imetoka yenyewe, na Umba ameinua kichwa, kwa sababu Jéthro hajawahi kumjibu mzungu neno "bado", na anabaki amekaa, mikono juu ya mashini, haiandiki, msumari unachoma, anatafuta neno la Kifaransa la kusema wivu, shuleni hawakumpa neno hilo au alilisahau, basi kwa Kiswahili, Bwana anakijua Kiswahili cha kutuma watu, na hiki atakisikia akirudi ndani, atamwambia, Bwana, ile maneno ya Médard minyi nilisema bule, kwa wivu, mwenye mugongo ya kufa iko minyi, na kama ni lazima mutu aende Luena, jina liko, andika la kwangu... na hasira bado ipo, haikupungua, imegeuza uso tu, na dirishani Médard anajinyoosha mara ya mwisho, anaanza kurudi mezani kwake, polepole, akipiga mluzi.