Mijusi wa Mke wa Mpuliza Dawa

Siku mkewe alipofariki, mpuliza dawa alirudi kutoka hospitali, akavua viatu mlangoni, akavua ovaroli, akaitundika kwenye msumari wa nje, kisha akasimama na fulana yake akisubiri kupigiwa kelele. Kwa miaka yote ya ndoa yao, hapo ndipo sauti ilipotoka ndani: "Muuaji, umefika? Kaoge! Na chumba changu usikisogelee!"

Alimwita Muuaji kwa mapenzi, kama wengine wanavyoitana mpenzi. Riziki ya mume ilikuwa kuua mende, kunguni na mchwa wa watu. Mke, fundi wa kusaga vioo vya miwani, alifuga mijusi wawili wenye madoadoa na mikia minene, na chakula chao kilikuwa nyenje, aliowazalisha mwenyewe ndani ya boksi la plastiki. Mmoja anaua wadudu, mwenzake anawalea. Majirani walicheka mpaka wakachoka, wakatafuta cha kucheka kwingine.

Siku hiyo hakuna aliyempigia kelele. Alichosikia ni pampu. Fyaa, fyaa. Pampu yake mwenyewe, ya akiba, iliyokaa stoo.

Koridoni alimkuta dada mkubwa wa marehemu, kitambaa puani, mguu mmoja mbele, analipuliza boksi la nyenje kama mtu anayezima moto.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nasafisha! Watu wanakuja kutoa pole, wakute boksi la wadudu? Wewe fundi wa dawa mzima, nyumba yako inalia nyenje! Haya, lete ufagio, umesimama kama nguzo."

Nyenje wote walikuwa chali. Shemeji alikuwa amemwaga dawa ya kutosha ghala zima la mahindi. Asiyeijua kazi huwa na mkono mzito, na shemeji hakuna kazi aliyoijua ila kuamrisha, ambayo aliijua barabara. Mijusi walinusurika kwa sababu tangi lao la kioo lilikuwa chumbani kwa marehemu na mlango ulikuwa umefungwa.

Wiki ile ya msiba shemeji aliwaita mijusi kila jina: uchafu, mikosi, vidudu vya marehemu. Mpaka alipofika mama mmoja mwenye mkoba wa bei, akachungulia chumbani, akasema, "Jamani, wazuri hivi! Marehemu alikuwa na moyo wa pekee." Hapo hapo jicho la shemeji likapata chozi.

"Hawa ndio wanangu sasa," alisema, kiganja juu ya kioo. "Mdogo wangu ameniachia mimi."

Mpuliza dawa hakukumbuka mkewe kumwachia mtu chochote. Alichokumbuka ni maneno ya mwisho pale kitandani, na hayakuwa maneno ya kuandikwa kwenye kadi. "Mijusi wangu wasife," alimwambia. "Na uoge." Ndiyo hayo tu. Alitaka kusema, lakini akaitazama mikono yake, iliyolowa sumu tangu ujana, akaona heri wakae kwa mwenye mikono misafi. Mikono aliikagua. Kichwa cha mwenye mikono hakukikagua.

Tangi likaondoka likiwa limebebwa kama jeneza la mtu mkubwa, shemeji mbele akiwaambia wabebaji wasitikise.

Alipokwenda kuwatazama, alikuta tangi limewekwa sebuleni penye televisheni, na televisheni imesogezwa pembeni. Vigae ambavyo mkewe alivipanga kimoja kimoja vilikuwa vimetolewa. Chini kulikuwa na shanga za rangi, juu maua ya plastiki, na taa inayogeuka nyekundu, bluu, nyekundu, kama ukumbi wa disko. Nyuma ya kioo ilibandikwa picha ya marehemu. Wageni watatu walikuwa wanajipiga picha mbele yake.

"Karibu, shemeji! Umeona nilivyowapendezesha? Walikuwa wanaishi kama wafungwa."

Mmoja alikuwa ubavuni mwa ua la plastiki, tumbo juu.

"Huyu vipi?"

"Amelala. Anapenda kulala hivyo."

"Shemeji, huyu amekufa."

"Usiniletee uchuro mbele ya wageni!"

Alimtoa. Tumbo lilikuwa gumu, lilijaa shanga. Mnyama mwenye njaa alikuwa ameokota alichokiona, kwa maana kwenye sahani aliwekewa majani ya saladi na kipande cha keki.

"Unawalisha keki?"

"Ya siagi, siyo ya ovyo. Wewe ulitaka niwape mende? Nyumba hii?"

Akamtazama aliyebaki. Mkia, ambao mkewe alizoea kusema ndio benki ya mjusi, anakoweka akiba ya mafuta, ulikuwa umenywea, umekuwa kama uzi wa kiatu. Mpuliza dawa hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Namchukua."

Shemeji akacheka, akawageukia wageni ili kicheko kisipotee bure. "Mnamsikia? Muuaji wa wadudu! Mdogo wangu mwenyewe alimkataza kugusa hata mfuniko. Si kweli, shemeji? Sema si kweli."

Kweli ilikuwa kweli. Ikamchoma. Lakini alishaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki kama glovu, akamnyanyua mjusi taratibu.

"Haya, mchukue basi," shemeji alisema aliposikia mgeni mmoja akinong'ona habari za harufu. "Lakini tangi linabaki. Tangi ni kumbukumbu."

Baadaye alinunua mijusi wawili wa mpira akawaweka humo. Wageni waliendelea kupiga picha, na shemeji aliendelea kulia mbele ya kioo. Wa mpira walimfaa zaidi. Hawakondi.

Nyumbani, mpuliza dawa alianza upya. Duka moja lililofungwa lilikuwa limetupa kabati la vioo la kuwekea saa; akalibeba, akalisugua kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, akasuuza, akasugua tena, akanusa kila pembe kama mbwa. Dirisha dogo la wavu akalikata juu ili hewa ipite. Kijamvi cha umeme cha kupasha joto kilikuwa bado chumbani. Shemeji alikiacha akidhani ni cha kunyooshea mgongo. Akakilaza chini ya upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki wa baridi, mjusi achague. Vigae badala ya shanga. Chungu kilichovunjika cha kujifichia, na kingine chenye kitambaa kibichi ndani, cha kumsaidia kuvua ngozi. Kisahani cha maji. Yote hayo alikuwa amemwona mkewe akiyafanya, yeye akiwa amesimama kizingitini na taulo kiunoni, akimdhihaki. "Hoteli gani hii?" aliuliza siku moja. "Mimi mbona sina kijamvi?"

Tangi likakamilika. Chakula ndicho kikakosekana.

Akatoka na kopo kutafuta nyenje, na ndipo akajua alivyokuwa fundi mzuri. Nyuma ya shule? Alipapuliza. Uwanja wa mpira? Alipuliza kuzunguka vyoo na majani yote. Sokoni, stendi, bustani ya hospitali: alipuliza, alipuliza, alipuliza. Mji mzima ulikuwa kimya kwa kazi ya mikono yake, na kila mdudu aliyejitokeza alikuwa wa kushukiwa kuwa na sumu.

Palibaki nyumba moja, ya mshona viatu wa mtaa wa nyuma, mchafu kuliko wote, aliyemfukuza kila mara alipopita na pampu. Kwa miaka mpuliza dawa alimsimulia kazini kama kichekesho. Sasa alisimama mlangoni pake na kopo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana sumu. Nimeshakwambia sitaki dawa."

"Sikuja kupuliza. Nimekuja kuomba nyenje."

Mshona viatu akatoa misumari mdomoni ili acheke vizuri. "Ebu rudia."

"Nyenje. Wadogo wadogo. Wa kulisha mjusi wa marehemu."

"Miaka yote unaniita jalala. Wenzako wanapita hapa wameziba pua. Leo jalala limekuwa duka?"

"Ndiyo, mzee."

"Sema, 'Nyumba yako ni safi kuliko yangu.'"

Akasema. Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

"Ingia. Wapo nyuma ya ngozi. Lakini ukininyunyizia hata tone moja, nakushonea mdomo."

Aliwakamata wasiozidi upana wa kichwa cha mjusi kati ya macho, kama mkewe alivyokuwa akipima. Akaoga, akaoga tena. Akawatikisa ndani ya mfuko wenye unga wa maganda ya mayai, wa kumwimarisha mjusi mifupa, akamshika mmoja kwa kibano ambacho mkewe alishikia skrubu za miwani, akamsogeza. Mjusi akanusa kwa ulimi. Akageuza kichwa.

Siku ya pili vivyo hivyo. Huenda alikuwa bado hajapata joto. Mjusi aliyepoa hali chochote. Lakini mpuliza dawa alinusa kiganja chake kilichotoka kuoshwa, akakuta ile harufu ipo pale pale, imeingia kwenye jasho, haitoki kwa sabuni wala kwa dodoki.

Asubuhi akamrudishia bosi pampu.

"Umeugua?"

"Hapana. Nipe kazi ya mitego."

"Ya panya? Hiyo ni ya wanaoanza! Watakucheka."

"Wameshazoea."

Wakamcheka, tena kwa bidii. Wiki ilipita, mjusi anakunywa maji tu, mkia unazidi kunywea. Kisha jioni moja nyenje alipotikisika kwenye kibano, mjusi aliinama, akatikisa ncha ya ule mkia, akaruka. Akamla. Akalamba jicho lake mwenyewe, akaomba mwingine kwa kukodoa macho.

Mpuliza dawa hapulizi tena. Anaziba matundu ya panya kwa saruji na kutega mitego, na kila baada ya siku moja anakwenda kwa mshona viatu na kopo.